Tiba ya mazungumzo chumbani au kwa video: nini kinakusubiri, na uchague ipi

Kikao changu cha kwanza cha tiba kwa video kilianza kwa kungoja. Skrini iliniarifu kwamba mwenyeji ataniruhusu kuingia muda si mrefu, na chini ya maandishi hayo nikajiona mimi mwenyewe: shati limepigwa pasi kama la anayekwenda kwenye usaili, huku chini nimevaa bukta. Nikasogeza kiti. Nikainua laptopu nikaiweka juu ya vitabu viwili. Ndipo nikaona kwamba nyuma yangu kabati liko wazi na nguo zimening'inia nje kama ulimi. Niliinuka kulifunga, na ndipo sauti ikasema, "Habari yako? Karibu. Unanisikia vizuri?" Mtaalamu yule aliuona mgongo wangu kabla ya uso.

Miaka michache kabla ya hapo nilikuwa nimepitia tiba ya chumbani, ile ya viti viwili na boksi la tishu mezani. Kwa hiyo watu wakiniuliza ipi bora, nami huwauliza: unapoishi kuna mlango unaofungika? Mtaalamu wa chumbani anakukabidhi chumba kilicho tayari, chenye ukimya wake, mlango wake, saa yake ukutani na ile safari ya kurudi nyumbani inayokupa nafasi ya kupangusa macho. Mtandaoni nusu ya chumba hicho unakijenga wewe, tena kila wiki. Wengi wanaokata tamaa na tiba ya mtandaoni hawakushindwa na tiba. Walishindwa na nusu ile ya chumba ambayo hakuna aliyewaambia kuwa ni kazi yao.

Kwanza, je, inasaidia kweli?

Hofu hii ni ya haki. Mtu anajiuliza: nitasemaje mambo ya moyoni kwa kipande cha kioo?

Tiba ya mbali ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1909 Sigmund Freud, daktari mwanzilishi wa tiba ya kuchimba nafsi kwa mazungumzo, alichapisha kisa cha mtoto wa miaka 5 aliyeogopa farasi, na sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na baba wa mtoto akimwandikia Freud yanayojiri. Katika kipindi chote cha tiba Freud alimkabili mtoto mwenyewe mara moja tu. Mwaka 1953, kasisi Chad Varah alianzisha London huduma ya simu kwa watu waliofikia hatua ya kutaka kujiua, huduma iliyokuja kujulikana kama Samaritans. Walioinua simu ile hawakuona uso wa mtu, na walizungumza.

Kwa upande wa utafiti, mwaka 2018 Per Carlbring na wenzake walikusanya tafiti 20 zilizolinganisha tiba ya fikra na tabia (inayomfundisha mtu kubadili mawazo na mazoea yanayomuumiza) kupitia intaneti na ile ya ana kwa ana, na matokeo ya pande zote mbili yalikuwa sawa. Ila soma kwa makini: nyingi ya tiba hizo za intaneti zilikuwa masomo na mazoezi yanayofanywa na mteja, huku mtaalamu akimfuatilia kwa ujumbe. Hazikuwa mazungumzo ya video ya wiki hadi wiki. Kuhusu video, tafiti zilizofanyika kwa sonona na wasiwasi uliopitiliza zinaelekea huko huko: haizidiwi sana na chumba, kama inazidiwa hata kidogo.

Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba maelewano kati ya mtaalamu na mteja yana sehemu tatu: kukubaliana mnaelekea wapi, kukubaliana mtafanya nini ili kufika, na kuaminiana. Zote tatu zinapita kwenye waya. Tatizo ni yale madogo madogo yanayozizunguka.

Kinachobadilika ukihama kutoka kitini kwenda kwenye skrini

Anza na uso wako. Chumbani hujioni. Kwa video unajiona unalia, na katikati ya kulia unajikuta unarekebisha nywele. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 juu ya uchovu wa mikutano ya video, akataja mambo manne: nyuso zilizo karibu mno huku zimekukazia macho, kujitazama bila kikomo, kukaa bila kujongea, na juhudi ya ziada ambayo akili inatumia kusoma ishara za mwili. Mawili kati ya hayo yana dawa ya sekunde tano. Ficha picha yako mwenyewe, maana programu karibu zote zinaruhusu, na yeye ataendelea kukuona. Kisha punguza dirisha la video ili uso wake usijae skrini nzima. Nilikaa vikao vitatu vizima bila kulijua hilo la kwanza. Siku nilipoficha picha yangu nilihisi kama mtu aliyetolewa kioo usoni.

Halafu mwili. Mtaalamu wangu wa chumbani aliwahi kunionyesha kwamba kila nilipomtaja baba, mguu wangu wa kulia ulianza kutikisika. Sikuwa najua. Kwa video mguu hauonekani. Mtu anaonekana kuanzia kifuani kama picha ya kitambulisho. Mtaalamu mzuri wa mtandaoni hulifidia hilo kwa kuuliza. Wa kwangu ana kawaida ya kusema, "Huko chini mikono inafanya nini?" Mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikatazama na kukuta ngumi mbili.

Ukimya ndio uliobadilika kuliko yote, na hapa chumba kinashinda waziwazi. Ndani ya chumba watu wawili wanaweza kunyamaza dakika nzima, na dakika hiyo ikafanya kazi kuliko maneno ya nusu saa. Kwenye video ukimya wa sekunde nane unafanana kabisa na mtandao ulioganda. Unaanza kusema, "Haloo? Umekatika?" na kile kilichokuwa kinapanda kifuani kinashuka tena. Sisi tulikubaliana ishara: akinyamaza kwa makusudi huweka kiganja kifuani, nami nikiona kiganja najua yupo. Inaonekana jambo la kitoto, lakini ilituokolea miezi.

Upande ambao video inashinda ni ulimi kulegea. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza jinsi watu wanavyojifungua zaidi wanapokuwa nyuma ya skrini, wakasema wasiyoyasema mbele ya mtu. Ni kweli, na ina faida kwa mwenye aibu. Ila kuna deni lake. Unaweza kumwaga katika kikao cha kwanza jambo ulilolificha miaka ishirini, ukafunga laptopu, na usiku ukalala umekodoa macho ukijiuliza kwa nini ulisema. Wengi wanaoacha baada ya kikao kimoja au viwili, naamini, ni hawa. Huna wajibu wa kutoa kila kitu siku ya kwanza. Unaweza kusema tu, "Kuna jambo kubwa, sitaligusa leo," na mtaalamu anayejua kazi yake hatalivuta.

Na kutoka. Chumbani unaaga, unashuka ngazi, unatembea. Kwa video unabonyeza kitufe chekundu, na ndani ya sekunde tatu mtu anakuuliza jikoni kama umeona chumvi. Baada ya kikao jiwekee robo saa isiyo ya mtu: zunguka nje, oga, kaa tu. Mimi nilikuwa nafanya vikao ndani ya gari lililoegeshwa, kwa sababu nyumba ilikuwa na watu wengi na kuta nyembamba, kisha nabaki humo dakika kumi huku redio imezimwa. Methali ya mficha maradhi kila mtu anaijua, lakini kufichua nako kunataka mahali pa kufichulia.

Mtaalamu wa kujitegemea au jukwaa la usajili?

Ukishaamua mtandaoni, uchaguzi wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, na hauzungumzwi vya kutosha. Matangazo yote ni ya majukwaa makubwa. Mtaalamu wa kujitegemea hana pesa ya tangazo.

Jukwaa linakufanyia haraka. Unajaza maswali, mfumo unakupangia mtu, unalipa kwa wiki au kwa mwezi, na mara nyingi unapata pia nafasi ya kumwandikia ujumbe kati ya kikao na kikao. Usipompenda unabonyeza, unapewa mwingine bila kumwangalia mtu usoni na kumwambia "hatufaani". Kwa anayeogopa kukataa watu, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini wepesi huohuo unaweza kukudhuru: wakati mwingine kikao kigumu ndicho chenye dawa, na kitufe cha kubadilisha mtu kinakupa mlango wa kukimbilia kila mara mambo yanapokaribia mfupa.

Mtaalamu wa kujitegemea unamtafuta mwenyewe. Unasoma wasifu, unaandika barua pepe, unangoja, wengine hawajibu, wengine wanakwambia nafasi zimejaa. Inachosha, na inamchosha hasa mtu ambaye tayari hana nguvu. Faida inakuja baadaye: ni yuleyule mwaka huu na mwaka ujao, makubaliano ni yenu wawili, na hakuna kampuni katikati inayojua kwamba unatibiwa. Wengi hutoa mazungumzo mafupi ya bure ya dakika 15 au 20 kabla ya kuanza. Yatumie. Usimweleze maisha yako. Sikiliza kama anauliza au anahubiri.

Jambo moja usilipuuze: leseni. Maneno "mshauri", "mnasihi" na "kocha wa maisha" sehemu nyingi yanaweza kutumiwa na yeyote. Uliza jina kamili la cheo chake, chombo kilichomsajili, na namba ya usajili, kisha ukaithibitishe mwenyewe kwenye daftari la chombo hicho. Mtaalamu halisi haudhiki na swali hilo. Pia uliza kama anaruhusiwa kukuhudumia mahali ulipo. Sheria za sehemu nyingi zinaangalia mteja yuko wapi wakati wa kikao, siyo mtaalamu yuko wapi. Marekani, kwa mfano, kila jimbo lina leseni yake. Ndiyo maana ukisafiri anaweza kukwambia kikao cha wiki hiyo hakiwezekani, na hilo lisikuudhi.

Sasa siri. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua BetterHelp, jukwaa kubwa la tiba mtandaoni, kwa kuzipa kampuni kama Facebook na Snapchat taarifa za watumiaji kwa ajili ya matangazo, zikiwemo barua pepe zao na ukweli kwamba walitafuta tiba. Suala hilo liliisha kwa malipo ya dola milioni 7.8. Ukisoma hapo tu utasema basi chumba ni salama. Subiri. Mwaka 2020 kampuni ya Vastaamo ya Finland, iliyokuwa na kliniki za kawaida zenye viti na milango, ilikutwa imeibiwa kumbukumbu za vikao vya wateja zaidi ya 30,000. Mwizi aliitaka kampuni pesa, kisha akawaandikia wateja mmoja mmoja akitaka wamlipe ili asiyaanike waliyoyasema. Watu wale walizungumza ana kwa ana. Kilichovuja ni maandishi ya mtaalamu.

Kwa hiyo swali la maana ni moja kwa wote, wa chumbani na wa skrini: unaandika nini baada ya kikao, unakihifadhi wapi, na nani mwingine anaweza kukisoma? Ongeza la siku hizi: unatumia programu ya akili mnemba kusikiliza na kuandika muhtasari? Ana haki ya kuwa nayo na wewe una haki ya kukataa, lakini lazima akuulize kwanza. Mtaalamu wa kujitegemea anayeandika mistari mitano kwenye daftari lenye kufuli ana hatari ndogo kuliko mfumo wenye faili za maelfu, ingawa daftari nalo hupotea. Kwa hapa mimi naegemea kwa mtu mmoja.

Video, sauti au maandishi

Haraka haraka. Video ndiyo iliyo karibu zaidi na chumba, ila inakula data. Kikao cha dakika 50 kinaweza kumaliza nusu GB au zaidi. Sauti tupu inadharauliwa bure. Watu wengine huzungumza vizuri zaidi wakitembea na simu sikioni, na uchovu wa kutazamwa hauwapati. Mtandao ukiyumba, zima picha kabla hujaahirisha kikao, maana sauti inayosikika vizuri ina thamani kuliko uso unaoruka ruka. Maandishi yanafaa kukushikilia kati ya kikao na kikao, kama fimbo ya kuegemea. Kuyafanya tiba nzima ni kubahatisha: hakuna anayesikia sauti yako ikikwama.

Aina ya tiba nayo ina neno hapa. Tiba ya fikra na tabia, iliyoanzishwa na Aaron Beck miaka ya 1960, inahamia mtandaoni bila shida, kwa kuwa ina karatasi za kujaza, mazoezi ya nyumbani na mpango wa vikao kama 12 hadi 20. Hata ile ya kusogeza macho kwa ajili ya kiwewe, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, inafanyika kwa nukta inayotembea kwenye skrini au kwa mteja kujigonga mabega kwa zamu. Tiba ya kina, ile ya kuchimba utoto na ndoto kwa miaka, inategemea ukimya na mwili, na hapo ndipo ningelipa nauli niende chumbani.

Kikao cha kwanza kilivyo hasa

Hapa njia mbili zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Siku kadhaa kabla utatumiwa fomu: ridhaa, taarifa za afya, dawa unazotumia. Huenda ukajaza dodoso mbili maarufu. PHQ-9 ina maswali 9 juu ya dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10 wataalamu huanza kuangalia sonona kwa karibu. GAD-7 ina maswali 7 kuhusu wasiwasi, jumla 21. Swali la 9 la ile ya kwanza linauliza kama umewaza kwamba afadhali ufe au ujiumize. Lijibu kwa ukweli. Watu hulidanganya wakiogopa kwamba gari la wagonjwa litakuja mlangoni. Mara nyingi kinachofuata ni mazungumzo tu.

Mtandaoni kuna swali la ziada ambalo linawashtua wengi: "Uko wapi sasa hivi?" Anamaanisha anwani kamili, na anaweza kuliuliza mwanzoni mwa kila kikao. Atataka pia jina na namba ya mtu wa karibu wa kupigiwa. Hakuchunguzi. Chumbani ukizidiwa yuko hatua mbili kutoka kwako. Kwa video hawezi kukushika mkono, kwa hiyo lazima ajue pa kutuma msaada. Ambaye hajakuuliza hilo kabisa, mimi ningemtilia shaka.

Kisha atakueleza siri inakomea wapi. Kwa kawaida ni pale uhai wako au wa mtu mwingine unapokuwa hatarini, pale mtoto anapodhulumiwa, na pale mahakama inapoagiza. Kwingineko midomo yake imefungwa, hata kwa mwenzi wako, hata kama ndiye anayelipa.

Muda uliobaki ni maswali. Nini kimekuleta, kwa nini sasa na si mwaka jana, umewahi kutibiwa, unalala vipi, nyumbani kuna nani. Dakika 50 zinakwisha kabla hujafika unapotaka kufika, na wengi hutoka wakihisi wamejaza fomu kwa mdomo. Ndivyo kilivyo. Kikao cha kwanza kinakusanya kuni; moto unawashwa cha tatu au cha nne. Mwaka 1986 Kenneth Howard na wenzake walichambua data za wateja zaidi ya 2,000, wakakuta karibu nusu yao wameonyesha nafuu inayopimika kufikia kikao cha 8, na robo tatu kufikia cha 26. Chukua 8 kama kipimo chako cha ndani. Vikao vitatu vinatosha kujua kama unamwamini mtu huyu, na nane kujua kama kuna kinachosogea. Kama hakuna, mwambie. Jibu lake kwa malalamiko yako litakueleza mengi kuliko vyeti vyake.

Kabla hamjaagana, hakikisheni mambo matatu yamesemwa kwa sauti. Mtandao ukikatika, nani anampigia nani, na kwa namba ipi? Ukiahirisha unatakiwa utoe taarifa saa ngapi kabla? Wengi wanataka 24, wengine 48, na wa mtandaoni hawana huruma zaidi ya wa chumbani. Na kati ya vikao, unaruhusiwa kumwandikia au hapana? Mtaalamu wa kujitegemea ana maisha yake. Wengi husoma ujumbe saa za kazi tu, na si watu wa dharura.

Kuhusu pesa nina neno moja. Usikisie kwamba mtandaoni ni nafuu. Jukwaa linaonekana rahisi kwa sababu bei inatangazwa kwa wiki, na mtu hasahau bei ya wiki bali husahau kuwa mwezi una wiki nne na ushee, na kwamba usajili unaendelea kukatwa hata wiki uliyolala. Mtaalamu wa kujitegemea anatoza kwa kikao. Ukiuliza kwa adabu kama ana ada inayopunguzwa kulingana na kipato, wengi wanayo, ingawa hawaiandiki popote. Unachookoa kwa uhakika mtandaoni ni nauli na zile saa mbili za barabarani.

Nani asianzie kwenye skrini

Hapa sitaki kuzunguka. Aliye na mpango wa kujiua leo anahitaji mtu aliye hai pembeni yake na huduma ya dharura, siyo miadi ya Alhamisi. Anayesikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni aanzie kwa daktari wa magonjwa ya akili, ana kwa ana. Mwenye tatizo la kula lililomkondesha hadi kuhatarisha mwili anahitaji kupimwa uzito, mapigo ya moyo na damu, na kamera haipimi hivyo. Mlevi wa kila siku anayetaka kuacha kwa mara moja amwone daktari kwanza, kwa kuwa kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Na anayeishi na mtu anayempiga au kumpekua simu asifanye kikao chini ya paa hilo. Hata hedifoni haizuii upande wako wa maneno kusikika. Watoto wadogo nao hutibiwa kwa michezo ya sakafuni, na skrini haifiki huko.

Kumbuka pia kwamba mwanasaikolojia na mnasihi kwa kawaida hawaandiki dawa. Ukihisi unazihitaji, hilo ni la daktari, hata kama tiba ya mazungumzo unaifanya kwa video.

Ningechaguaje

Una mlango unaofungika, intaneti inayovumilika, na unachosumbuka nacho ni wasiwasi, huzuni isiyoisha, talaka, msiba au kazi iliyokunyonya: mtaalamu wa kujitegemea kwa video, bila kusita sana. Hali kadhalika kama unaishi mbali na wataalamu, unalea, unatembea kwa shida, au unataka mtu wa lugha yako wakati uko ugenini. Hilo la mwisho peke yake lingenitosha. Kulia kwa lugha ya kukopa ni kazi mara mbili.

Hujawahi kabisa, unaogopa, na ukiambiwa utafute mtu mwenyewe hutatafuta: jukwaa, kwa mwezi mmoja au miwili, baada ya kusoma sera yake ya faragha na kujiandikisha kwa barua pepe isiyo ya kazini. Kisha ukipata miguu, hamia kwa mtu wako.

Huna mlango, au una mlango lakini kila ukiufunga unaulizwa unafanya nini humo: nenda chumbani, hata kama ni mbali, hata kama ni mara mbili kwa mwezi badala ya nne. Au fanya kama mimi na gari. Na kama umejaribu video kwa uaminifu, vikao nane, na bado unahisi unaongea na redio, usijilaumu. Kuna watu wanaohitaji kusikia mwenzao akipumua. Wapo wataalamu wanaochanganya, kikao kimoja chumbani kila baada ya vitatu vya video, na kwangu huo ndio mpango bora kuliko yote pale unapopatikana.

Wengi hawakwami kwenye kuchagua. Hukwama kwenye ujumbe wa kwanza, hawajui waandike nini, basi wiki inakuwa mwaka. Wa kwangu nilioutuma, baada ya kuufuta mara sita, ulikuwa huu:

"Habari za leo. Natafuta mtaalamu wa kuzungumza naye kwa video mara moja kwa wiki. Silali vizuri tangu miezi mitano iliyopita na nimeanza kuwafokea watu nisiotaka kuwafokea. Nina nafasi Jumanne na Alhamisi jioni. Naomba kujua kama una nafasi, ada yako ni kiasi gani, umesajiliwa wapi, na kama tunaweza kuzungumza dakika chache kabla ya kuanza. Asante."

Jibu lilikuja kesho yake saa 2 asubuhi, mistari miwili. Nafasi ilikuwepo Alhamisi, na alitaka kujua kama ninapokaa kuna mahali pa kuzungumza bila kusikika.